Shehe Hajajibu

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ambayo kila ikinirudia naweka kikombe chini. Chai inapoa nami nimekaa. Wake za wanangu wamezoea, hawaniulizi tena.

Wakati huo Mreno bado yupo Palma na bendera yake. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini au karibu yake, ndevu hazijakubali kuota, ila kiburi nilikuwa nacho cha kuwagawia watu na bado kikabaki. Usinione leo nina mashine ya kusaga na vyumba vya kupangisha ukadhani nilizaliwa navyo. Baba aliniachia jembe na jina lake. Shule nilifika darasa la pili, mwalimu akanichapa kwa kuchelewa, sikurudi. Kireno nilikiokota jikoni. Nilikuwa naosha sufuria kwa mkubwa wa posto, yule Mreno aliyetawala upande wetu wa ghuba ya Tungue, kisha nikapanda nikawa mpishi wake. Na mtu anayesimama nyuma ya mlango na sahani mkononi hujifunza lugha upesi kuliko aliyekaa dawatini. Nilianza na chumvi, njoo, upesi, na matusi yote. Miaka miwili ikipita nikawa nasema kila kitu. Watu wa kwetu wakaniita Momadi Sufuria. Walikuwa wakinicheka, mimi nikadhani wananisifu.

Sasa uelewe dunia ilivyokuwa. Ng'ambo ya Ruvuma nchi ilikwisha kuwa huru. Unguja sultani alikwisha kupinduliwa, amekimbia. Huku kwetu bara watu walikuwa wameingia msituni kumpiga Mreno. Sisi wa pwani tukawa katikati, kama nafaka baina ya mchi na kinu. Mreno akawa hapati usingizi, anajiuliza: hawa Waislamu na kofia zao na Kiswahili chao, moyo wao uko upande gani? Basi wakubwa wake wakamtuma mtu kutoka mji mkuu, azunguke kwa mashehe wa pwani mmoja mmoja, anywe kahawa yao, awaulize.

Mtu huyo hakuwa mkali, na hilo lishike vizuri. Sisi Mreno tuliyemjua ni wa kiboko. Huyu alikuwa mwembamba, mwenye miwani, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa, anatoa salamu ya Kiislamu na kuweka mkono kifuani. Kila alipokwenda aliacha joho la kijani na ahadi: msikiti utaezekwa bati, Shehe atapelekwa Maka. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mimi wahenga nilikuwa nimewaacha kijijini.

Mkalimani wa posto akashikwa na tumbo siku ya safari. Mkubwa wa posto akanigeukia, akaniambia vua aproni. Mwanangu, sijawahi kuvua nguo kwa furaha kama ile. Nilivaa shati lake la zamani, kwapani limeliwa na mende, nikabana mkono ubavuni siku nzima watu wasione tundu.

Tulikwenda kwa Shehe Amade. Huyo ndiye aliyekuwa shehe mkubwa wa ghuba yetu, na ndiye aliyenifundisha alifu na be nilipokuwa mdogo. Kijiji chake ndicho kijiji changu. Tulifika watu wako ndani ya msikiti, hotuba ya Ijumaa inasomwa. Mgeni akasema tusubiri nje kwa adabu. Akakaa kivulini. Mimi nikaegemea gari, nikawa nafanya mzaha na dereva, nataka watakaotoka wanikute vile, mguu mmoja umepanda juu ya tairi. Dirisha la msikiti lilikuwa wazi. Sauti ya Shehe ilikuwa inatoka, naisikia kama unavyosikia bahari ukiwa umelala. Sikuisikiliza.

Hapo ndipo nilipopotea, mwanangu, kabla sijafungua kinywa. Lakini sikujua.

Swala ilipokwisha tukakaa barazani kwa Shehe. Wazee walikuwepo. Shehe mwenyewe alimimina kahawa, alikuwa hamwachii mtu mdila wake. Mgeni akasifu kahawa. Akauliza mpunga umekuwaje, akauliza wajukuu. Nikatafsiri huku na huku, na nilitafsiri vizuri, sisemi uongo. Niliona wazee wananitazama, nikazidi kunyoosha shingo.

Kisha mgeni, kwa sauti ileile ya kuulizia mpunga, akasema, "Muulize Shehe, katika hotuba ya Ijumaa wanamwombea mtawala gani?"

Ninyi vijana huenda hamjui. Katika hotuba za kale kulikuwa na mahali pa kumwombea mtawala, na akitajwa, hutajwa kwa jina. Zamani za babu zetu Tungue ilisikiliza Unguja, na jina la sultani wa Unguja ndilo lililosomwa pale. Mreno akaja, akashusha bendera nyekundu akapandisha yake, lakini ndani ya msikiti jina halikubadilika. Nimekua nalisikia. Kwangu lilikuwa kama harufu ya chumvi, hulitambui mpaka mtu akuulize.

Nikamtafsiria Shehe. Wazee wakatazama mkeka. Shehe Amade hakushtuka. Akamjazia mgeni kikombe, akaniambia, "Mwambie mgeni wetu kahawa hii haiishi leo. Aje Ijumaa ijayo tuimalize."

Kwa Shehe Amade neno zito halikujibiwa siku lilipoulizwa. Ukipeleka posa leo, jibu ni Ijumaa ijayo. Ndugu wakigombania mnazi leo, hukumu ni Ijumaa ijayo. Watu kutoka mdomo wa Ruvuma mpaka kisiwani Rongui walijua hivyo, na mimi niliyekulia pale nilijua kuliko wengi. Mgeni naye angeelewa, maana alikuwa mtu wa kungoja. Kazi yangu ilikuwa nyepesi kama unyoya: niseme anasema uje Ijumaa, ninyamaze, ninywe kahawa yangu.

Lakini niliona aibu. Nilihisi nikirudi na "aje Ijumaa" nitaonekana mkalimani asiyeweza kutoa jibu kwa wazee wake mwenyewe. Nikasema kwa Kireno, "Anasema uje tena Ijumaa. Lakini usijisumbue, bwana, mimi nimezaliwa hapa. Wanamwombea Sultani wa Unguja."

Mgeni akanitazama. Asubuhi nzima alikuwa anazungumza kupitia kwangu kama mtu anayezungumza kupitia dirisha, sasa ndiyo akaniona.

"Una hakika?"

"Nimeswali humu tangu utotoni."

"Kumbe wapishi wanajua mengi," akasema, akacheka. Nikacheka naye.

Shehe akaniuliza, "Mnacheka nini, Momadi?"

"Anasifu kahawa, Shehe."

"Alikwisha kuisifu," akasema Shehe, akaweka mdila chini.

Sikuahidiwa kitu kwa neno lile. Ingekuwa nimeuza ningekuwa na udhuru, ningesema njaa. Mimi nilitoa bure, kwa kutaka kuonekana. Wahenga wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole lina kucha ya kulikinga. Ulimi umekaa uchi.

Ijumaa ya kahawa haikufika. Katikati ya juma kamiyoni, lori la posto, ilikuja kijijini na sipai, wale askari weusi wa Mreno. Mgeni mwenye miwani hakuwepo. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba watu wa namna yake huwa hawapo siku ya kamiyoni. Alikuja mkubwa wa posto, ana haraka, jua linamchoma, na mimi nyuma yake kwa sababu mkalimani wake alikuwa bado na tumbo lake. Shehe akatolewa barazani. Wanawake wakasimama vizingitini. Mkubwa wa posto akasema, nami nikatafsiri: kwamba Shehe Amade anamwombea mtawala wa kigeni, kwamba moyo wake uko ng'ambo, kwamba nyumba yake ni mlango wa maadui. Kila neno nililitafsiri, nikaona linatoka kinywani mwangu mimi. Kwangu lilikuwa jina la kale tu. Kwa Mreno mwenye hofu, jina la Unguja lilitosha.

"Ana la kusema?" akauliza mkubwa wa posto.

Shehe hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kwa utulivu, kama zamani alipokuwa anangoja nimalize aya.

"Momadi, mwambie hivi, na usipunguze. Mimi niliulizwa, sijajibu. Jibu langu ni la Ijumaa. Jibu alilolipata si langu, wala wazee hawa hawakulitoa. Amuulize aliyelitoa."

Mwanangu, naomba usimame hapo na mimi kidogo. Maneno yale yalikuwa mkononi mwangu. Mtu mwingine pale aliyejua lugha zote mbili hakuwepo. Ningeyavusha kama yalivyokuwa, mkubwa wa posto angelazimika kuuliza, basi nani alijibu? Na mimi ningejibu, ni mimi. Ningepigwa. Jikoni ningefukuzwa. Labda ningepandishwa kamiyoni mahali pake, labda sote wawili. Yote hayo yalinipitia kichwani, na tundu la kwapani nalo likanipitia, nikaona watu wote wanalitazama.

Nikasema kwa Kireno, "Anasema hana neno."

Shehe Kireno hakukijua. Lakini alikuwa na masikio. Akatikisa kichwa taratibu.

"Yamekuwa mafupi, Momadi," akaniambia.

Akaomba avae viatu. Akapanda mwenyewe, hakushikwa mkono. Kamiyoni ikageuka ikaenda.

Nilikaa siku kadhaa sili vizuri, kisha nikaenda kwa dada yake, Bi Zaina, aliyekuwa akifundisha watoto wa kike Kurani. Nilimkuta anapeta mchele. Alikuwa na ulimi mkali toka usichana wake, na hakuupunguza kwa ajili yangu.

"Karibu, bwana mkalimani. Leo umekuja kwa lugha gani?"

"Nimekuja kuomba radhi, Bi Zaina."

"Kaa. Mchele huu una mawe, usinikanyagie."

Nikakaa. Na badala ya kuomba radhi, mwanangu, nikaanza kujitetea. Ndivyo kiburi kinavyokufa, kinapiga mateke. Nikamwambia nimekosa kujibu mahali pa mkubwa, lakini uongo sikusema, sultani tunamwombea na kila mtu anajua.

Ungo ukasimama.

"Tunamwombea nani?"

"Sultani wa Unguja."

"Habari za kupinduliwa kwake zilipofika hapa, kaka yangu aliliondoa jina lake Ijumaa ileile. Alisema hatutamwombea mtu aliyekimbia watu wake, na Mreno hatutamwombea, tutamwomba Mungu atupe mwenye kuongoza kwa haki, tutanyamaza hapo. Jina hakuna. Watoto wangu wadogo wanajua. Wewe uliswali nasi lini mara ya mwisho?"

Sikuweza kukumbuka. Jikoni kwa mkubwa wa posto Ijumaa ilikuwa siku ya kukaanga.

"Na Ijumaa ile mgeni alipokuja, ulikuwa wapi wakati wa hotuba?"

"Nje. Kwenye gari."

"Dirisha lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa wazi."

Akarudi kwenye mchele wake. Akasema, bila ukali sasa, na hapo ndipo iliponiuma, "Kaka alitaka mgeni yule aje Ijumaa iliyofuata, awekwe pale dirishani na mtu wa kumfasiria Kiarabu, asikie mwenyewe. Ndiyo kahawa aliyokuwa anamwitia. Wazee walikwisha kukubaliana. Nenda ukamwambie Mreno wako."

Sikwenda siku ile. Nilifika mpaka ua wa posto, harufu ya vitunguu ikanipitia, nikaingia jikoni. Nilikuja kusema baada ya mfungo kupita, nimesimama mlangoni na sahani mkononi. Mkubwa wa posto alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shehe wako yuko mbali, Momadi, na mgeni yule alikwisha kwenda zake. Samaki wangu yuko wapi?" Hakunipiga. Nilichokiogopa siku ile ya kamiyoni hakikunipata hata kidogo. Niliacha kazi ile na sikupika tena kwa mtu.

Shehe Amade alifia kusini huko walikompeleka. Kaburi lake hatulijui. Mreno akaondoka, bendera zikabadilika tena, nikaanza kuvusha nguo na sabuni Ruvuma kwa mtumbwi, nikainuka. Nilipopata nafasi niliezeka ule msikiti kwa bati, ahadi ya yule mgeni nikaitimiza mimi. Bi Zaina alikuja kutazama, mzee sana, anaongozwa mkono.

"Mabati mazuri," akasema. "Sasa mvua itasikika kuliko hotuba."

Nikamwuliza, kwa mara ya ngapi sijui, kama atanipa radhi. Akaniambia radhi si yake kutoa, ni ya kaka yake, na kaka yake hakuacha neno. "Mimi naweza kukupa kazi tu," akasema. "Kila Ijumaa kaa chini ya lile dirisha, kwa ndani. Sikiliza mpaka mwisho. Ukitoka nje, ujue kilichosemwa."

Ndiyo kazi ninayoifanya mpaka leo. Miaka hii ya karibuni vita vilipotukimbiza tulilala maporini, tukarudi tukakuta bati zimetoboka, nikaweka nyingine. Nafasi yangu chini ya dirisha ipo. Vijana mnadhani napapenda kwa sababu ya upepo.

Sasa nakuambia kwa nini nimechukua kalamu, mimi ambaye herufi zangu zinalala chali. Juzi mjukuu wangu Asani alirudi kutoka Pundanhar, kijiji cha kule bara. Anatafsiri kwa wageni wanaokuja na magari siku hizi, ana Kireno cha shule na Kiingereza juu yake, shati halina tundu. Tunakula, akatusimulia akicheka: wageni walimuuliza mzee mmoja wa kule vijana wanaovuka kwenda ng'ambo ni wa ukoo gani, mzee akanyamaza, anachezea fimbo yake. "Babu, nilimsaidia," akasema Asani. "Wale wazee wanachelewesha kazi. Mimi nawajua watu wa pale, nikawajibia mwenyewe."

Niliweka kijiko chini. Nikamwuliza, "Kule Pundanhar umelala lini mara ya mwisho?" Akasema alikuwa bado mwanafunzi, tulipokimbilia huko wakati wa vita.

Basi, Asani, na wewe mwanangu yeyote unayesimama katikati ya watu wawili wasiojuana lugha, nasaha yangu ni hii, na sina nyingine iliyonigharimu kama hii. Lugha mbili si akili mbili. Umepewa uvushe mzigo wa watu, usifungue ukaongeza wako. Mzee akinyamaza, vusha kimya chake kama kilivyo. Sema, mzee hajajibu. Si uzembe ule, ni ukuta wa kijiji, na nyuma yake wamelala watoto. Usijidai unawajua watu kwa sababu uliwajua, maana asiyekuwepo na lake halipo, na kwenu kunabadilika ukiwa umeegemea gari. Mgeni mpole mche kuliko mkali. Na neno likikutoka vibaya, lirudie siku ileile, ungali una la kupoteza. Ukingoja mpaka huna cha kupoteza, utakuta na huyo mwingine hana cha kuokoa. Mimi niliogopa kipigo ambacho hakikuja, nikapata hiki ambacho hakiondoki.

Mzee wa Pundanhar bado yuko kwake. Nimeuliza. Kamiyoni haijakwenda. Kesho alfajiri, Asani, utakwenda kwa wale wageni, kabla ya chai, utawaambia maneno haya, na usipunguze: lile jibu lilikuwa langu, mzee hajajibu. Wakikufukuza rudi nyumbani, mashine ya kusaga inahitaji mtu. Mimi nitakuwa barazani, sitalala mpaka nikuone unaingia.

Mungu akufungue masikio kabla ya kinywa, mwanangu. Akupe wazee wa kukungojea umalize aya, na akupe moyo wa kuwavushia maneno yao yakiwa na urefu wake wote. Na kama huko aliko Shehe Amade anasikia, basi asikie: leo nimeyasema yote, sikupunguza.